Uchambuzi wa kisa: Barua moja ya daktari na maamuzi matatu ya mjane mwenye kiharusi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika wilaya mojawapo ya uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara. Kimeandikwa kwa ajili ya maofisa ustawi wa jamii, wauguzi, wasaidizi wa kisheria na watendaji wa vijiji ambao hufuatwa na familia zenye mgonjwa asiyeweza kujisemea. Majina yameachwa, kijiji na hospitali hazitajwi, na baadhi ya maelezo ya familia yamebadilishwa pasipo kugusa mambo yaliyoamua mwelekeo wa shauri lenyewe.

Usuli

Mgonjwa ni mjane mwenye umri wa miaka sitini na kitu, mkulima wa korosho na mwanachama wa muda mrefu wa chama cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS, ya kijijini kwake. Alikuwa na mashamba matatu: mawili yalitoka kwa mama yake mzazi, na la tatu, ambalo ndilo kubwa, alilinunua pamoja na marehemu mumewe. Kwa hospitali na kwa benki tofauti hiyo haikuwa na maana yoyote, lakini kwa ukoo ilikuwa na uzito mkubwa. Wamakonde kimila huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kaka wa mwanamke, ambaye kwa watoto wake ni mjomba, ana sauti katika mali iliyotoka kwa bibi yao. Sauti hiyo imepungua nguvu kadiri Uislamu, sheria za nchi na mashamba ya kununua yalivyozidi kushika nafasi, lakini haijafutika, na anayeshughulikia familia za huku bila kumuuliza mjomba atashangazwa mapema.

Watu watatu walikuwa karibu na mgonjwa. Binti yake mkubwa aliishi naye pamoja na wajukuu wawili wanaosoma. Mwanawe wa kiume alifanya biashara ndogo Dar es Salaam. Kaka yake, mzee anayeheshimika kijijini, alikuwa na mashamba yake jirani. Nilipolipitia jalada sikuona mtu aliyekusudia kumdhulumu mgonjwa, na hilo ndilo linalokifanya kisa hiki kifae kufundishia, kwa kuwa madhara yaliyotokea yalitokana na watu waliokuwa wakihangaika kumsaidia.

Jambo moja la mazingira linahitaji kuelezwa. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima hupeleka korosho kwenye AMCOS, korosho huhifadhiwa katika ghala kuu, huuzwa mnadani, na malipo huingia katika akaunti ya benki yenye jina la mkulima. Utaratibu huu umewaondolea wengi adha ya kupunjwa kwenye mizani ya walanguzi. Hata hivyo, una maana kwamba chakula, ada na gharama za shamba za kaya nzima kwa mwaka mzima hukaa katika akaunti ya mtu mmoja, na mtu huyo akipoteza fahamu, kaya nzima hukwama siku hiyo hiyo.

Mtiririko wa matukio

Mwezi Novemba, akiwa amekwisha kupeleka sehemu kubwa ya korosho zake, mgonjwa alianguka uani asubuhi. Upande wake wa kulia ulilegea na hakuweza kutamka neno. Alifikishwa hospitali ya wilaya, kisha akapewa rufaa, ambako ilithibitika kuwa amepata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo, upande ambao kwa watu walio wengi ndio unaotawala lugha. Siku chache baadaye alipata nimonia, akapanda homa, akawa mtu wa kusinzia na kuchanganyikiwa. Madaktari walimwekea mpira wa kulishia na kumwanzishia dawa bila kungoja idhini ya mtu yeyote, kwa kuwa hali ilikuwa ya dharura. Hapo hapakuwa na ubishi.

Ubishi ulianza fedha za mnada zilipoingia. Kaya haikuwa na kadi hai ya CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya afya ya jamii, gharama zilikuwa zinaongezeka, na wajukuu walikaribia kufungua shule. Mwana wa kiume alipendekeza kadi ya benki itumike, kwa kuwa mjukuu mmoja alijua namba ya siri. Mjomba alikataa akisema fedha zinazotolewa kimyakimya huzaa ugomvi. Wakakubaliana kutengeneza hati ya uwakilishi, ile ambayo wengi huiita nguvu ya kisheria, na wakamwendea wakili wakiwa na wino wa kuchukulia dole gumba kitandani. Wakili aliwakatalia. Aliwaeleza kwamba hati hiyo hutolewa na mtu anayeelewa anachokitoa, na kwamba kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba uwakala hukoma pale aliyeutoa anapopoteza akili timamu; kwa hiyo hata kama ingekuwa imetiwa saini mwaka uliotangulia, isingewasaidia wakati ule ikiwa kweli mgonjwa amefikia hali waliyoieleza.

Benki ilitaka barua ya daktari. Barua iliandikwa wakati mgonjwa bado ana homa, nayo ilisema, kwa mistari miwili, kwamba hana akili timamu na hawezi kufanya uamuzi wowote. Haikueleza alipimwaje, kwa lugha gani, wala lini apimwe tena. Benki iliiweka kwenye jalada, ikaifunga akaunti, na ikataka amri ya mahakama.

Kikao cha ukoo kiliitishwa kijijini. Utaratibu pekee ambao wanafamilia, na hata mtendaji wa kijiji, walikuwa wameuzoea ni ule wa mirathi, hivyo muhtasari wa kikao uliandikwa kwa mfano wa ule unaopelekwa mahakama ya mwanzo mtu anapofariki. Neno "marehemu" lilikuwa limechapwa mara kadhaa na likakatwa kwa kalamu. Kikao kilimteua mjomba kuwa msimamizi wa mali. Hakimu alipouona muhtasari aliwarudisha kwa upole akisema hawezi kusikiliza mirathi ya mtu aliye hai, na akawaelekeza watafute ushauri juu ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, ambayo inatoa nafasi kwa mahakama kuteua mtu wa kusimamia mali ya mtu ambaye ugonjwa wa akili umemzuia kuisimamia mwenyewe.

Mjomba, hata hivyo, alikuwa tayari na karatasi yenye muhuri wa kijiji inayomwita msimamizi. Kwa kutumia karatasi hiyo alipokea fedha za awali kutoka kwa mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua korosho nje ya mfumo rasmi, mara nyingi kabla hazijavunwa, kwa makubaliano kwamba mavuno ya shamba kubwa kwa misimu miwili yangekuwa ya mnunuzi huyo. Makubaliano yaliandikwa kwenye ukurasa wa daftari mbele ya majirani wawili. Fedha hizo zilitumika kweli kulipia dawa na nauli, na mjomba hakula hata senti moja. Lakini bei aliyokubali ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na thamani ya mavuno, kama ilivyo kawaida ya kangomba, ambayo serikali imekuwa ikiipiga vita kwa sababu hiyohiyo.

Mabadiliko yalikuja mwezi Januari, na yalianzia kwa mhudumu wa wodi. Mhudumu huyo, Mmakonde, alikuwa akimsimulia mgonjwa wa kitanda cha pili, kwa Kimakonde, juu ya mtu aliyeloweka korosho ili zizidi uzito na akaumbuka ghalani. Mgonjwa wetu alicheka pale hasa panapochekesha. Ofisa ustawi wa jamii wa hospitali aliambiwa habari hiyo, akaomba mgonjwa apimwe upya.

Upimaji wa pili na maamuzi yaliyofanyika

Upimaji ulifanyika asubuhi, kwa sababu mchana mgonjwa huchoka haraka. Uliendeshwa kwa Kimakonde kupitia mhudumu yule, ambaye hakuwa ndugu wala mtu wa kijiji kimoja na familia. Ndugu waliombwa wasubiri nje na wakaelezwa sababu. Kwanza walikubaliana ishara: dole gumba la kushoto juu ni ndiyo, kiganja kulalia shuka ni hapana. Kisha aliulizwa mambo ambayo majibu yake yalijulikana, na kila swali likarudiwa baadaye kwa kugeuzwa, kwa kuwa mtu aliyepoteza usemi huweza kujibu ndiyo kwa kila kitu na akaonekana amekubali. Vilitumika vitu halisi: kadi ya benki, korosho chache, mfuko mtupu wa salfa ya kupulizia mikorosho, sare ya shule ya mjukuu, kopo la dawa, na picha za wanafamilia watatu kwenye simu. Siku iliyofuata kazi yote ilirudiwa.

Ofisa alitumia kipimo cha mambo manne kinachotoka katika Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya mwaka 2005 ya Uingereza, inayotumika England na Wales: je, mtu anaelewa maelezo yanayohusu uamuzi huo, anaweza kuyashika kwa muda wa kutosha, anaweza kuyapima, na anaweza kueleza alichoamua kwa njia yoyote ile? Sheria hiyo haina nguvu Tanzania, na ofisa aliandika hivyo waziwazi. Aliitumia kama chombo cha kazi. Msingi wake hauko mbali na Sheria yetu ya Mikataba, ambayo haiulizi kama mtu ana akili siku zote, bali kama wakati wa kufanya mkataba aliweza kuuelewa na kupima athari zake kwake, na inakubali kwamba mtu ambaye kwa kawaida hana akili timamu anaweza kufanya mkataba katika kipindi ambacho akili yake imetulia. Maswali yaligawanywa katika maamuzi matatu yaliyokuwa yanangoja jibu.

La kwanza lilikuwa fedha za akaunti. Mgonjwa alichagua picha ya binti yake, siku zote mbili, kuwa mtu wa kumshikia fedha. Alipopangiwa vitu vinavyohitaji kulipiwa, alisogeza kwanza mfuko wa salfa, kisha sare, na kopo la dawa likawa la mwisho. Mwanawe aliposikia alisema huo ni ushahidi kwamba akili haijarudi, kwa maana nani mwenye akili angetanguliza shamba mbele ya uhai wake? Mjomba ndiye aliyemjibu. Alisema dada yake hajawahi kufanya vinginevyo, na kwamba asiyejiandaa kwa palizi na upuliziaji atapoteza maua yote kwa ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, kisha hiyo dawa atainunulia kwa nini. Uamuzi wa mgonjwa ulihesabiwa kuwa halali, ila binti alishauri, na mgonjwa akaashiria ndiyo, kwamba dawa zinunuliwe sambamba.

La pili lilikuwa shamba kubwa. Alipoonyeshwa ukurasa wa makubaliano na kuelezwa kilichoandikwa, aliusukuma kwa mkono wa kushoto, na alifanya hivyo tena siku ya pili. Lakini alipoulizwa kuhusu njia mbadala, kama kukodisha kwa msimu mmoja au kukopa kiasi fulani kwa bei fulani, majibu yake yaligongana na akachoka. Ofisa aliandika kwamba anaweza kukataa shamba lisifungwe kwa misimu miwili, lakini kwa wakati ule hawezi kuingia katika makubaliano mapya yenye hesabu. Kwa hiyo shamba libaki kama lilivyo.

La tatu lilikuwa kurudi nyumbani. Mtaalamu wa fiziotherapia alishauri abaki wiki kadhaa zaidi. Mgonjwa alitaka kurudi kijijini. Alionyesha kuelewa kwamba mazoezi yatapungua na kwamba anaweza kuanguka. Bado akataka kwenda. Timu ilimruhusu baada ya kumfundisha binti namna ya kumgeuza, kumkalisha wima wakati wa kula na kumpa uji mzito badala ya vinywaji vyepesi.

Matokeo

Daktari mwingine aliandika barua mpya iliyotaja uamuzi mmoja mmoja, tarehe ya upimaji, lugha iliyotumika na pendekezo la kupima tena baada ya miezi mitatu. Benki haikuipokea mara moja, kwa hoja kwamba barua ya kwanza ilisema uamuzi wowote na haina kikomo, na ilichukua hadi mwezi Machi kuifungua akaunti. Hatimaye ofisa wa benki alimfuata mgonjwa, akachukua alama ya dole gumba mbele ya mashahidi, kwa kiasi kilichotajwa matumizi yake. Binti aliandika kila shilingi katika daftari ambalo lilisomwa kila mwezi mbele ya mgonjwa, mjomba na mtendaji.

Halmashauri ya kijiji ilikataa kuyatambua makubaliano ya kangomba. Mjomba alirudisha sehemu ya fedha kwa korosho za shamba lake mwenyewe, na sehemu nyingine ilikuwa bado deni wakati naandika. Ilibainika pia kwamba mwezi Desemba, kabla akaunti haijafungwa, fedha kiasi zilitolewa kwa wakala wa benki kwa kadi na namba ya siri. Familia haikukubaliana ni nani aliyezitoa. Mgonjwa alipoulizwa kama anataka jambo hilo lifuatiliwe alilaza kiganja chini, na ofisa akaliacha.

Wakati wa masika ya mwaka uliofuata alipata kiharusi cha pili. Safari hii hakuweza kutoa ishara yoyote iliyoeleweka, katika lugha yoyote, na familia ikafungua maombi mahakamani chini ya Sheria ya Afya ya Akili.

Uchambuzi

Barua ya kwanza ndiyo iliyoleta madhara makubwa kuliko tendo lolote la ndugu. Haikuwa ya uongo siku ilipoandikwa: mtu mwenye homa kali na nimonia, aliyechanganyikiwa, hawezi kuamua mambo ya fedha. Kosa lilikuwa kuichukua hali ya wiki moja na kuigeuza kuwa sifa ya kudumu ya mtu. Maambukizi, upungufu wa maji mwilini na dawa fulani huweza kuvuruga akili ya mzee kwa muda, na vikitibiwa akili ikarudi. Uamuzi unaoweza kusubiri ulipaswa kusubiri. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na Ibara yake ya 12 inataka kwamba hatua zinazogusa uwezo wa mtu kisheria zilingane na hali yake, zidumu kwa muda mfupi kadiri inavyowezekana, na zipitiwe mara kwa mara na chombo huru. Barua ya mistari miwili isiyo na tarehe ya mapitio inakwenda kinyume na matakwa hayo yote, japokuwa aliyeiandika alidhani anaisaidia familia kupata fedha za dawa.

Lugha nayo haikuwa jambo dogo. Mgonjwa alikifahamu Kiswahili vizuri kabla ya kuugua, ndiyo maana hakuna aliyefikiria kumuuliza kwa Kimakonde. Lakini kwa mtu anayezungumza lugha mbili, kiharusi huweza kuziathiri kwa viwango tofauti, na moja ikarudi kabla ya nyingine. Mikoa ya Mtwara na Lindi ina wazee wengi waliokulia katika Kimakonde, Kimwera, Kimakua na Kiyao, na sioni sababu ya upimaji wowote wa aina hii kufanyika bila kwanza kuuliza mtu alilelewa kwa lugha gani. Mkalimani asiwe mwenye maslahi. Mtoto anayetafsiri jibu la mama yake juu ya fedha anabebeshwa mzigo usio wake.

Kuhusu mjomba, maoni yangu yanatofautiana na ya baadhi ya waliopitia jalada hili na kupendekeza aondolewe kabisa. Alipokea fedha za kangomba bila mamlaka, hilo halina utetezi. Lakini ni yeye aliyezuia kadi isitumike kwa siri, ni yeye aliyeitambua tabia ya dada yake katika mfuko wa salfa, na kuwepo kwake katika usomaji wa daftari kulimfanya binti asishukiwe na ukoo. Kumtoa kungempa binti fedha na kumwachia uhasama. Kilichofanya kazi ni kumpa nafasi ya kushuhudia na kumnyima nafasi ya kutia saini.

Muhtasari wa kikao unahitaji kutazamwa na halmashauri zenyewe. Mtendaji aligonga muhuri kwenye karatasi iliyompa mtu cheo ambacho kijiji hakina mamlaka ya kukitoa, na mnunuzi akaitumia karatasi hiyo kwa nia njema au mbaya. Kikao cha ukoo kina kazi halali: kueleza nani anamtunza mgonjwa, nani anapendekezwa, na nani anapinga. Kingeandikwa hivyo, kingekuwa ushahidi wenye manufaa mbele ya mahakama, wala kusingekuwa na haja ya kumkata marehemu kwa kalamu.

Uamuzi wa kurudi nyumbani ulipimwa kwa uadilifu kuliko mingine, kwa maoni yangu, kwa sababu ndio uliokuwa rahisi kuukataa. Wale wale waliofurahi mgonjwa alipokataa kangomba walitaka ahesabiwe hana akili alipokataa mazoezi. Ofisa aliandika sentensi moja ambayo ningependa ionekane katika majalada mengi zaidi: kwamba hakubaliani na uamuzi huo, na kwamba mgonjwa ameuelewa.

Palipopungua ni hapa. Katika siku zile mbili mgonjwa aliulizwa nani amshikie fedha kwa wakati ule, lakini hakuulizwa nani angetaka asimamie mashamba yake endapo hali ingemrudia vibaya, ingawa mtu aliyekwisha kupata kiharusi kimoja yumo katika hatari kubwa ya kupata kingine. Hati ya uwakilishi isingevuka kizingiti hicho, kama wakili alivyosema, lakini matakwa yaliyorekodiwa kwa lugha yake, mbele ya mashahidi, yangekuwa na uzito mbele ya hakimu. Sasa binti ameomba kuteuliwa kwa mashamba yote matatu, na mjomba ameomba kwa yale mawili yaliyotoka kwa mama yao. Mahakama imepewa daftari la hesabu na karatasi za upimaji wa Januari, na katika karatasi hizo mashamba hayo mawili hayajatajwa.